Matundu Tisa ya Mkanda wa Bibi Nakundwa

Fundi wa mikanda hapewi barua ya kustaafu. Mimi nilistaafishwa na kidole gumba cha mkono wa kulia, ambacho mwanzoni mwa mwaka huu kiligoma kushika msharasi, ile sindano nene ya kutobolea ngozi. Daktari aliyekitazama alisema kipumzishwe. Hakusema kipumzishwe pamoja na mwili mzima uliokibeba, lakini mke wangu alimwelewa hivyo, na mke wangu akishaelewa jambo hakuna rufaa.

Basi nina miaka hamsini na saba, nakaa nyumbani hapa Same, na kukaa kwenyewe sikai. Naamka, nakagua tanki la maji, natoka hadi getini, narudi, nakagua tena tanki ambalo halijaenda popote. Kabla ya saa nne asubuhi nimeshapita karakana mara mbili kuwasalimia. Juzi Upendo, ambaye sasa ndiye anayeiongoza karakana, alinitazama juu ya miwani akasema, "Profesa, ukirudi tena leo nitakupa ufagio." Nikarudi nyumbani nikachukua daftari. Haya ndiyo niliyoyaandika badala ya kufagia, kwa ajili yenu mliobaki kwenye viti. Habari za mapato na za nani alimpita nani sitazigusa. Karakana yetu ina vyeo viwili tu: anayekaa karibu na dirisha, na asiyekaa.

Jina la Profesa si sifa. Nilisoma historia chuo kikuu, nikafundisha sekondari miaka minne, nikaacha. Barua niliyomwandikia mkuu wa shule ilikuwa na kurasa mbili za sababu. Sababu ya kweli ingetosha mstari mmoja: siwezi kutulia mahali. Vipindi vya dakika arobaini nilivimaliza kwa dakika ishirini na tano, kisha nikawa nachungulia dirishani pamoja na wanafunzi. Siku moja mkanda wa begi langu ulikatika stendi, nikaelekezwa kwa mzee mmoja aliyeshona ngozi chini ya bati karibu na reli. Nilikaa kusubiri begi. Nilikaa miaka ishirini na sita. Ndugu zangu waliposikia mtu mwenye shahada anashona mikanda, walidhani nimerogwa, na shangazi mmoja aliandaa maombi ya siku tatu. Hayakufaulu.

Mzee huyo ndiye Kiondo. Wengi wenu hamkumkuta. Alijifunza ngozi kwenye korona, yaani kiwanda cha kusaga mkonge, si ule ugonjwa. Kazi yake ilikuwa kuunga mikanda mipana ya kuzungushia mashine. "Mkanda wa mashine ukikatika unamkata mtu shingo," alikuwa akisema. "Mkanda wa suruali ukikatika unamkata aibu tu." Kwa hiyo kazi zote tulizofanya kwake zilikuwa mchezo, na alituadhibu kana kwamba mchezo ule ungeua mtu.

Siku ya kwanza alinipa vipande viwili vya ngozi ya ng'ombe, msharasi wenye mpini wa mzeituni pori, na uzi aliousugua nta mpaka ukalia. Akaniambia nishone urefu wa shubiri moja. Nikashona. Akaushika mshono kwenye mwanga.

"Umesoma nini huko chuoni?"

"Historia, mzee."

"Historia ya nani?"

"Ya... watu mbalimbali."

"Haya. Hapa ulikuwa unawaza. Hapa ulikuwa na haraka. Hapa umechungulia basi la Dar. Fumua."

Nilifumua mara kumi na moja siku hiyo. Mara ya kumi na mbili alinipa chai. Msije mkadhani alikuwa mpole moyoni. Chai ilikuwa imepoa, na kikombe kilikuwa kimeshatumika.

Ngozi zetu mnazijua: ng'ombe wa tambarare, wanene wa ngozi, wenye alama za moto za wenyewe kila upande, hivyo mkanda mrefu usio na kovu ni kama kupata basi lisilo na muziki. Magome ya muwati ya kuzilowekea yalishuka kutoka milimani kwa magunia. Upepo wa Same nao mnaujua. Ngozi ikiachwa juani siku mbili inakauka mpaka inagonga kama ubao, na ndiyo maana kila fundi hapa, na kila mchungaji wa ng'ombe, ana kopo la mafuta ya mkia wa kondoo. Ngozi ikikauka, paka. Hilo halihitaji mwalimu. Mkono unaenda kwenye kopo wenyewe kabla kichwa hakijaulizwa.

Lakini Mzee Kiondo alikuwa na sheria moja iliyotangulia kopo, tena hiyo ndiyo pekee aliyoirudia kila wiki: karatasi kwanza. Mteja akileta kitu kikuukuu, hukigusi kwa kisu, kwa maji wala kwa mafuta kabla hujakilaza mezani, ukatandaza juu yake karatasi ya kaki, ukasugua kwa mkaa kutoka ncha hadi ncha. Kila tundu, kila mshono, kila mkunjo unajichora wenyewe. Kazi hiyo ilichukua karibu nusu saa kwa mkanda mmoja, kwa sababu ukisugua kwa nguvu karatasi inachanika, na ukisugua kwa haraka unapata wingu jeusi. Mimi niliiona sawa na kuita mahudhurio: desturi ya kumfurahisha mkuu. Nilikuwa nikisugua nusu, Mzee akigeuka kuvuta ugoro, nakunja karatasi naiweka rafuni kama iliyokamilika.

Mikanda ya maigizo ilianza kwa bahati. Mwalimu wa sekondari alitaka mikanda sita ya askari wa zamani kwa ajili ya tamthilia ya shule. Kisha sharika za milimani zikaanza kuigiza jubilei zao, zikahitaji viatu na mikoba ya wamisionari wa kwanza. Kisha wakaja watu wanaovaa mavazi ya vita ile ya Mjerumani na Mwingereza, wakatembea walikopita mababu, wengine wakitoka mbali sana na wakilalamika juu ya jua. Shahada yangu, iliyokuwa imelala bila kazi miaka mingi, ikaamka. Nilijua kutoka kwenye picha upana wa mkanda wa askari, umbo la bizimu lake, kile chuma cha kufungia, mahali pa mfuko wa risasi. Nikawa sikaliki. Mteja akitaka vidole vinne, namwambia historia inasema vitatu. Mzee Kiondo alinisikiliza siku moja akauliza kama historia inajua pia kufagia.

Ugumu wa mikanda hiyo ni kwamba wateja wanaitaka ya zamani lakini mpya. Tulifukia mikanda kwenye majivu, tukaipiga kwa mnyororo wa baiskeli. Mmoja tuliufunga nyuma ya bodaboda kutoka sokoni hadi relini na kurudi, ukazeeka miaka mia kwa dakika kumi. Mteja aliulilia machozi ya furaha. Mimi nilijiona mtaalamu wa uzee wa ngozi. Nawaambia haya ili mjue nilikuwa juu kiasi gani kabla sijaanguka.

Mzee Kiondo alifariki. Baada ya miaka sita hivi, akaja Bibi Nakundwa.

Alishuka kwa basi la asubuhi kutoka upande wa Gonja, kijiji cha juu kabisa ambako ukungu hauondoki hadi saa tano. Alikuwa amepita miaka themanini, mwembamba kama mpini wa jembe, na mkononi alikuwa na kikapu chenye tangawizi mbichi na kitu kilichofungwa kwenye kanga. Nilimwamkia, "Shikamoo, Bibi." Akaitika "Marahaba" huku akinikagua kama mtu anayekagua mbuzi asiyemtaka.

"Wewe ndiye yule aliyesoma?"

"Wanasema hivyo, Bibi."

"Wanasema pia humalizi mambo. Lakini wewe ndiye uliyepo."

Ndani ya kanga kulikuwa na mkanda. Upana wa vidole vitatu, bizimu la shaba la ulimi mmoja, ngozi rangi ya majani ya chai yaliyotumika, kavu hadi ilikuwa inapasuka pembeni, na inanuka moshi kwa sababu ilikaa darini juu ya meko maisha yote ya Bibi. Ulikuwa wa baba yake, aliyemzaa uzeeni. Wakati wa vita ile, baba huyo alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi, akaenda kusini pamoja nao mpaka ambako hakujua kupataja. Alikuwa mpagazi, si askari. Mkanda, kwa maneno aliyomwachia binti yake, ulitoka kwa askari aliyefia njiani. Yeye alipewa kwa sababu alikuwa amekonda na shuka lake lilikuwa linamdondoka kiunoni.

Shida ya Bibi ilikuwa hii. Kijiji chao kilikuwa kinaandaa igizo la kuwakumbuka wapagazi. Kila ukoo ambao mtu wake alichukuliwa ungetoa mtu mmoja wa kutembea kutoka kanisani hadi uwanja wa shule akiwa amevaa kama yeye, na jina la mzee wao lingesomwa mbele ya watu wote. Lakini kamati ilitaka kila ukoo ulete ushahidi. Sisi Wapare tunasingiziwa kwamba tunauza ng'ombe ili kushinda kesi ya kuku. Si kweli. Huwa tunajaribu kwanza kuuza mbuzi. Na mwenyekiti wa kamati alikuwa Mzee Elinaja, aliyestaafu ukarani wa mahakama ya mwanzo, ambaye kwenye ukoo wao palikuwa na hadithi ya siku nyingi kwamba baba yake Nakundwa hakwenda popote. Kwamba alijificha pangoni vita nzima, kisha mkanda akaununua kwa mchuuzi.

"Nimesikia neno hilo la pango tangu naenda shule," Bibi alisema. "Nimelisikia kisimani, nimelisikia kwenye harusi yangu. Sitaki kulisikia kwenye mazishi yangu. Nataka mambo mawili. Unitengenezee mwingine kama huu, ila imara, wa mjukuu wangu kutembea nao, maana huu utakatika. Na huu wenyewe leo uuangalie kisomi, kesho Alhamisi uje useme mbele ya Elinaja kwamba ni wa kweli."

Nikasema hakuna tatizo. Maneno hayo mawili, wenzangu, mkijisikia mnayasema, wekeni nyundo chini mtoke nje.

Alipoondoka niliulaza mkanda mezani. Niliona matundu tisa. Matano yalikuwa ya kiwandani, yamepangwa sawa. Manne yaliyofuata kuelekea ndani yalikuwa yamepindapinda, madogo, kingo zake zimeungua. Nikafikiri: mtu asiye na kifaa. Kwa upande wa historia, nilikomea hapo. Nikatandaza karatasi ya kaki, nikaanza kusugua kutoka ncha yenye matundu. Nilipofika katikati nikasikia basi linapiga honi, nikatoka kuliangalia. Sikuwa nasafiri, wala sikuwa namsubiri mtu. Niliporudi mkaa ulikuwa umeanguka chini ya meza, na kuinama kuutafuta kulinichosha kabla sijainama. Nikaitupa karatasi pembeni. Nikautazama mkanda ule mkavu, unaopasuka, wa bibi wa watu. Mkono ukaenda kwenye kopo.

Niliupaka mafuta ya mkia wa kondoo mbele na nyuma, nikausugua kwa kitambaa, nikauweka juani upate kunywa, nikaupaka tena. Jioni ulikuwa mweusi, laini, unang'aa. Nilijisifu. Upendo alipita akasema, "Umependeza kweli," na mimi nikajibu kana kwamba amenisifu mimi.

Asubuhi ya Alhamisi nilipanda hadi kijijini. Bibi alinipokea nje ya darasa ambamo kamati ilikaa. Nikafungua kanga. Alipitisha kidole juu ya mkanda, kikateleza.

"Mbona umempaka mafuta kama bwana harusi?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Ndani, Mzee Elinaja aliuinua mkanda kwa vidole viwili kama kielelezo cha mahakama. "Huu una miaka mia?"

"Unazidi, mzee."

"Mbona unanukia nyama choma?"

Darasa zima likapasuka kicheko. Akaupeleka mwangani, akauviringisha, akaukunjua. "Hauna hata mkunjo. Mkanda uliovaliwa na mtu unakuwa na mahali ulipokatwa na bizimu. Hata mimi wangu unao, tazama. Huu haujavaliwa. Mwenye mafuta, ulikuwa na mikunjo kabla hujaupika?"

Ukweli ni kwamba sikujua. Niliuona ule mkanda kwa macho, nikaushika, nikaupaka, na sikuweza kuapa kama ulikuwa na mkunjo hata mmoja. Mafuta na jua yalikuwa yameufanya laini na tambarare. Nikasema, "Nadhani ulikuwa nayo."

"Nadhani!" Mzee Elinaja aliliandika neno hilo kwenye daftari lake. Karani hafi. "Wewe ndiye uliyesoma historia?"

"Nilisoma, mzee."

"Basi walikufundisha kuifuta." Akamgeukia Bibi, na sauti yake ikawa ya adabu, jambo lililokuwa baya zaidi. "Dada Nakundwa, nakupa hadi Jumamosi kabla ya watu kuanza kutembea. Ukiwa na kingine, lete. Huna, jina halisomwi."

Tulipotoka nilitaka kumshika mkono kwenye ngazi. Akauvuta. "Ngazi hizi nazijua. Wewe shuka, katafute ulichokiharibu."

Njia nzima ya kurudi Same sikutulia kitini. Nilihesabu nguzo za umeme, nikapotea, nikaanza upya. Nilikuwa namfikiria Mzee Kiondo na ugoro wake. Niliingia karakana bila salamu nikaanza kupekua: rafuni, chini ya meza, kwenye gunia la vipande. "Unatafuta nini?" Upendo akauliza. Nikamwambia karatasi ya kaki, imesuguliwa mkaa, nusu. Upendo akaniangalia kwa huruma ambayo sikuistahili, akaelekeza kidole dirishani. Jua la mchana lilikuwa linamchoma usoni, kwa hiyo alikuwa ameibandika kwenye kioo.

Sikuibandua. Nilisimama tu. Jua lilikuwa linapita nyuma yake, na mkanda wa baba yake Nakundwa ulikuwa pale, ukubwa wake halisi, kama ulivyokuwa kabla sijaupaka. Nusu ya upande wa bizimu haikuwepo. Wakati wa nusu hiyo nilikuwa naangalia basi. Lakini nusu ya upande wa matundu ilikuwepo yote. Na kando ya kila tundu palikuwa na mstari mweupe mahali bizimu lilipobana ngozi. Tundu la kwanza, la kiuno kipana, mstari. La pili, hafifu. La tatu, hafifu. Mpaka la tano, ambapo mkanda wa kiwandani unaishia. Halafu lile la sita la msumari wa moto, na mstari wake. La saba. La nane. Na la tisa, mstari mzito kuliko yote, uliokatwa siku baada ya siku, miezi, sijui mingapi.

Upendo aliweka kidole chake juu ya tundu la tisa, kisha akashika kiuno chake mwenyewe, ambacho si kikubwa. "Hapa hata mimi siingii," akasema.

Kisha akaona jambo ambalo mimi nisingeliona. Mkunjo wa tundu la kwanza ulikuwa na mistari miwili, mmoja mkuukuu na mwingine juu yake, mkali, wa baadaye. "Alirudi," akasema Upendo. "Alirudi akala."

Siku ile na iliyofuata tulitengeneza mkanda wa pili. Matundu matano ya kiwandani niliyatoboa kwa chuma chetu. Manne ya mwisho yalinishinda. Baada ya miaka yote ya kufundishwa kutoboa sawasawa, mkono ulikataa kutoboa kombo. Nilinakili kila tundu kutoka kwenye karatasi, nikapasha msumari, nikaushika kwa koleo, na bado uliteleza kutafuta katikati. Tundu la nane lilinigharimu ngozi ya kidole. Kovu lake lipo kwenye gumba hilihili lililogoma. Naona lilikuwa linaweka kumbukumbu.

Jumamosi asubuhi watu walikuwa wameshajaa mbele ya kanisa. Wengine walivaa magunia, wengine walibeba masanduku matupu kichwani wakijifanya yana uzito. Mzee Elinaja alisimama na orodha. Nilitandaza karatasi juu ya meza ya kamati, nikaweka mkanda mkuukuu pembeni, matundu yakalingana na matundu. Safari hii sikudhani. Nilisema niliyoyafanya: kwamba nilisugua nusu, nikaacha kwa uvivu, nikapaka mafuta, na hii ndiyo hali mkanda uliyokuwa nayo kabla yangu. Nikaonyesha tundu moja baada ya jingine. Watu walisogea. Mama mmoja alianza kupima kwa kidole juu ya kiuno cha mumewe, ambaye hakupendezwa.

Mzee Elinaja aliangalia kwa makini. Sitamnyima haki yake. Alilinganisha matundu yote tisa. Kisha akavua miwani.

"Nakubali ni mkanda wa kweli, na aliyeuvaa alikonda. Lakini Profesa, swali. Pangoni mtu hakondi?"

Niliwaza kila nilichosoma, na hakuna kitabu kilichoniambia tofauti ya njaa ya kusini na njaa ya pangoni. Tundu ni tundu. Nikasema, "Mzee, mkanda hausemi alikwenda wapi. Unasema alikuwa na njaa ya muda mrefu, na alirudi. Zaidi ya hapo nitakuwa naongeza." Nikaona uso wa Bibi, nikajua nimemwangusha mara ya pili, safari hii kwa kusema kweli.

Lakini Bibi alikuwa hakuja kunitegemea mimi tu. Alisogea mezani.

"Elinaja, mdogo wangu. Hilo pango liko wapi?"

"Unalijua. Lile juu ya migomba yetu."

"Juu ya migomba yenu. Na nyumba ya bibi yangu, mama yake huyu mtu, ilikuwa wapi?"

Watu walimtangulia Mzee Elinaja kujibu: "Chini ya migomba!"

"Ukiita kutoka mlango wa bibi yangu, pangoni unasikika. Sasa niambieni ninyi wenye mama. Ni mama gani wa mlima huu atakayemwacha mwanawe akonde matundu manne, na chungu cha makande kiko umbali wa sauti?"

Sikuwahi kusikia umati ukicheka namna ile. Kina mama walipiga makofi. Mzee mmoja alipaza sauti, "Angenona huyo! Angetoboa kwenda nje!" Mzee Elinaja mwenyewe alijaribu kuukaza mdomo, ukamshinda kwenye kona moja. Lakini karani ni karani. Aliinua mkono watu wanyamaze.

"Jina litasomwa," alisema. "Ila kamati imesema kila mtu avae kama mzee wake alivyokuwa. Kama mzee wenu alifunga tundu la tisa, mwakilishi wenu afunge tundu la tisa. Asitembee mtu hapa na kitambi akisema ni njaa."

Mjukuu wa Bibi, mwalimu wa michezo mwenye kifua kama kabati, aliuchukua mkanda mpya. Ulifika tundu la kwanza ukakataa. Akajaribu binamu yake, akafika la tatu huku amebana pumzi, watu wakimhesabia. Akaitwa binti wa chuo aliyekuwa likizo, akafika la sita. Waliokuwa wakihesabu waliacha, wakanyoosha shingo kutazama kitu ambacho hawakujua ni kidogo kiasi hicho. Mkanda ulibaki mkononi mwangu, na tundu lile la tisa lilikuwa karibu sana na bizimu. Mduara uliobaki ungetosha mtoto.

"Lete," alisema Bibi Nakundwa.

Alivua kanga ya juu, akampa mjukuu. Nikapiga magoti, maana hakukuwa na namna nyingine ya kumfunga kwa heshima, nikauzungusha mkanda juu ya gauni lake. La tano. La sita. La saba, ukalegea. La nane. Ulimi wa bizimu uliingia kwenye la tisa bila kusukumwa. Nilihisi mifupa yake ya nyonga chini ya vidole vyangu.

Mtu mmoja alimletea sanduku la kubeba. Akalikataa tupu, akataka wamwekee kitu ndani. Wakaweka tangawizi. Akalipandisha kichwani, na alipopita mbele ya Mzee Elinaja jina la baba yake likasomwa, taratibu, na sauti ya yule karani haikuwa na mzaha ndani yake. Aliukwea mwinuko wote hadi uwanjani. Mjukuu wake alitembea kando yake mikono wazi, na kila alipoinyoosha alipigwa kibao.

Jioni nilimrudishia mkanda wa kwanza, ule niliouharibu. Nikamuuliza kama anaweza kunisamehe.

"Mafuta haya yatatoka?"

"Hayatoki, Bibi."

Akaunusa. "Baba aliporudi alikula mkia wa kondoo kila alipoupata. Mama alikuwa akimficha wageni wasione." Akaukunja kwenye kanga. "Mwache hivyohivyo. Lakini karatasi ile imalizie."

Sikuweza kuimalizia, na alijua. Ipo dirishani hadi leo, nusu. Nilipostaafu mliniuliza nataka zawadi gani, nikaiomba, na Upendo akakataa akisema jua litaingia.

Leo asubuhi nimepita tena karakana, mara ya tatu, na safari hii nilikuwa na sababu. Kukaa nyumbani kumeninenepesha. Mkanda wangu, ule ule wa siku zote, umeishiwa matundu kwa nje. Nikamwomba Upendo anitobolee moja haraka nirudi kwenye tanki langu. Hakuinua macho.

"Vua. Karatasi kwanza."

"Upendo, ni mkanda wangu mimi. Nauvaa sasa hivi."

"Vua, Profesa."

Basi nilisimama katikati ya karakana yangu ya zamani nimeshika suruali kwa mkono mmoja, mabasi yakipiga honi nje, huku Upendo akitandaza kaki na kusugua mkaa polepole, kutoka ncha, kupita katikati, hadi kwenye bizimu.